Kopo la Achari

Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Mundhir wa Baladia kaja na karatasi ya muhuri,
kapindua kopo langu, kasoma kitako chake.
"Pembetatu, ndani yake tatu.
Bi Thuweba, hili halikai na ndimu,
wala na jua la Juni."

Nikamwambia: miaka ishirini nauza,
nani kafa?

Hakujibu. Alinusa kifuniko.
Nami nikanusa, kwa ubishi tu:
chini ya pilipili, chini ya haradali,
harufu ya ndara mpya.

Makopo arobaini na moja yakaingia guniani.
Faini hakuandika; aliandika tarehe.
Gari likaondoka, kiyoyozi kinavuma,
na kwenye kioo cha mbele chupa yake ya maji
imelala juani, plastiki tupu.
Sikumwita.

Sasa nauza kwa chupa za jamu.
Mteja arudishe, au aache baisa mia.
Wengi wanaacha baisa.

Jana usiku nimetoa la mwisho kabatini,
lile la karafuu za mama, alilotoka nalo Wete.
Nikalipindua chini ya taa:
halina pembetatu, halina namba.
Nikanusa. Karafuu.
Nikanusa tena.