Kabari

Silinda mbili, farasi kumi na tano.
Niliifungua yote juu ya gunia la mpunga kule Kyela,
nikaiosha kwa petroli na mswaki wa mwanangu,
ringi mpya za kutoka Mbeya,
gasketi ya kabureta nikaikata mwenyewe kwa mkasi,
nikaifunga. Haikubaki hata nati moja.
Nati isipobaki, fundi hulala.

Sikulala.

Hapa Ikombe inawaka kwa mvuto wa nne,
na kamba inanirudishia teke mkononi.
Ikiwa haina mzigo inanguruma vizuri tu,
kama mtu anayeota ameshiba.
Ipe vyungu arobaini vya soko la Jumamosi,
vimeviringishwa majani ya migomba,
kisha ongeza mafuta:
inakohoa, inaruka mdundo, inazima,
na sisi tuko majini, kasia moja,
milima ya Ukinga imetuinamia
kama wakwe wanaosubiri jibu.

Nimebadili plagi. Nyeusi. Nyingine, nyeusi.
Nimepuliza jeti mpaka mashavu yakauma.
Nimelegeza kifuniko cha tangi, nisije nikawa
yule fundi aliyebomoa injini nzima
kumbe tangi halipumui.
Nimeshika waya wa koili kwa mkono mbichi:
moto upo. Niliusikia hadi kwenye jino bovu.

Asifiwe, msaidizi wangu, anasema ringi.
Muuza petroli anasema, si petroli yangu.
Mchungaji akasema tuombe.
Tuliomba. Ikawaka kwa mvuto wa tano.

Tusajigwe, mwenye boti na vyungu,
hajawahi kushika spana.
Alikuwa amekaa mchangani akigonga vyungu vyake
kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja,
akitenga vyenye ufa usioonekana.
Hakugeuka. "Vuta."
Nikavuta.
"Tena."
Nikavuta.
"Hii inajibu kabla haijaulizwa."

Nilitaka kucheka. Nikakaa chini.

Flaiwili niliing'oa kwa puli, kwa nyundo,
na kwa maneno ambayo mchungaji hakuyasikia.
Na pale shaftini, ndani ya kijia chake,
kabari, kichuma kama mwezi wa siku mbili,
imekatika nusu, flaiwili imeteleza
unene wa ukucha.
Ukucha tu! Cheche zote zinafika mapema,
zinaikuta pistoni ingali inapanda ngazi.

Na nani aliyeikaza ile nati ya juu
jioni, kwa haraka, nusu nusu,
akajisifu kwamba haikubaki?
Asifiwe alitazama ziwani. Namshukuru.

Nilichonga kabari nyingine kwa tupa,
kutoka shaba ya kitasa kibovu.
Ikawaka kwa mvuto wa pili, bila teke.
Tulifika Matema na vyungu thelathini na tisa.
Moshi bado upo kidogo; nimesema ni mafuta mapya.

Chungu cha arobaini ndicho malipo yangu.
Usiku nilikigonga kwa kidole, mara tatu,
sikio karibu.
Kililia vizuri.
Nadhani.