Upande wa Pili, Baada ya Wimbo wa Tatu

Ililetwa kibandani kwangu Chikongola
ndani ya gunia la korosho, kati ya redio mbovu mbili
na pasi ya mkaa ambayo mwenye mzigo hakuitaja.
Santuri. Jalada la karatasi ya kaki,
jina limepigwa taipu, nalo limekosewa:
KOSMAS NANDODE. MASASI.
Hakuna kampuni, hakuna mwaka,
hakuna aliyethubutu kuandika: mwizi ni mimi.

Nandonde tunamjua. Mwalimu wa hesabu
aliyezichukua nyimbo za wanawake wanaotwanga
akazichomeka kwenye umeme,
kisha akatunga zake: za mshahara uliochelewa,
za barabara ya Lindi iliyomeza lori na utingo wake.
Santuri zake halali ni mbili,
safi, zimefuliwa, zimenyooshwa pasi.
Hii ya tatu, mtu alificha kinasa sauti chini ya benchi
ukumbi wa ushirika, usiku wa mvua.
Mvua yenyewe imo, bati linapiga ngoma bila kualikwa.
Yumo mbuzi.
Kimo kikohozi cha mtu wa safu ya mbele
ambacho siku hizi nakijua kuliko changu.

Niliiweka ili kujaribu sindano tu,
bisibisi mdomoni, akili kwenye waya.
Upande wa pili, baada ya wimbo wa tatu,
Nandonde anakaza uzi wa gitaa, watu wananong'ona,
na mwanamke anasema, karibu kabisa na benchi:

"Sogeza kichwa, we Chungu, simwoni mwalimu."

Bisibisi ikaanguka.

Chungu ni mimi.
Kichwa kilinitangulia kuzaliwa, walisema, mwili ukafuata kwa aibu.
Aliyeniita hivyo ni mmoja,
na alizikwa kabla sijaanza darasa la kwanza.
Picha yake ninayo, ya kitambulisho cha kiwanda cha korosho,
mdomo umefumbwa kama bahasha.
Sauti niliitafuta kwa mashangazi,
kwa mama mdogo wa Ndanda,
kila mmoja akanipa ya kwake.

Kumbe nilikuwepo.
Nimekaa mapajani mwake, nimemzibia jukwaa,
na sikumbuki hata tone la mvua ile.

Maneno sita. Nikayarudia mpaka jirani muuza dagaa
akauliza kama mashine imekwama.
Nikaacha. Fundi anajua:
santuri husomwa kwa kukwanguliwa,
kila anaposema, sindano inamla kidogo.

Mwezi wa nne nikapanda Newala kumlipa mwenye nyimbo.
Ukungu, ndoo zimepanga foleni zenyewe bombani,
mzee kajifunga blanketi, hasira yake mbichi.
"Wizi," alisema. "Tena usiku ule
uzi wa tatu ulikuwa umelegea. Wameiba na aibu yangu."
Akahesabu pesa mara mbili.
Akasema za upande wa pili bado.
Nikaongeza.

Ndipo akataka kuusikia huo upande alioulipisha.
Nikafungua mashine ya betri juu ya kinu kilichopinduliwa.
Mvua. Mbuzi. Kikohozi.
Uzi wa tatu, kweli, umelegea; mzee akakunja uso.
Mama akasema yake.
Na wimbo wa nne ukaanza kwa kile kimkwaruzo
ambacho miezi yote nilikifuta kwa kitambaa na spiriti
kikakataa kutoka.

"Sio mkwaruzo," mzee alisema. "Ni mimi, nacheka puani.
Nilimsikia yule mama. Nikakosa kuingia,
mpiga ngoma akanitukana kwa Kimakua."

Akanyamaza. Akachomoa noti moja kwenye zile zangu,
akanirudishia.
"Hiyo ya pale katikati
sikuitunga mimi."

Noti ya elfu mbili. Haifiki hata robo ya sindano mpya.
Nimeiweka ndani ya jalada,
upande wenye jina lililokosewa.