Buti za Fundi wa Boila

Kwa miaka saba, pua nilizochora hazikuwa zangu.
Nilizichuma kwa bwana mmoja wa Brussels,
macho nikayakopa Tokyo, na moshi wa sigara
kwa mzee wa Milano asiyejua anaibiwa.
Watu wangu walitembea ukurasani
kama wageni wa harusi waliokodi suti,
hapa inabana, pale inapwaya.
Nguo ya kuazima, wahenga walishasema,
kuna mahali haisitiri.

Bibi Wauthier, mhariri, alifunua kurasa zangu arobaini
kwa kasi ya mtu anayehesabu noti za mwenzake.
"Safi," alisema. "Safi mno. Kachora nani?"
Nikapanda treni ya jioni kurudi Charleroi,
swali lile mapajani, ndani ya jalada,
zito kuliko kazi yenyewe.

Januari. Boila imekufa.
Wino umeganda chupani kama uji wa jana.
Akaja Ghislain Pochet na sanduku la spana,
akajilaza sakafuni, akaingia uvunguni
hadi kiunoni, hadi magotini,
zikabaki nje buti mbili
na sauti.

Buti zikanieleza habari za Mariette.
Kwamba amehamia Namur. Kwamba amechukua
kizimba cha ndege, akamwacha ndege.
Kwamba ndege sasa analala
kwenye kamba ya kuanikia, juu ya soksi,
na asubuhi haimbi, anakohoa.
"Sijui kama ndege hukohoa," zilisema buti,
"lakini huyu anakohoa."

Nibu yangu ilikuwa imevunjika.
Nikaokota kalamu yake, ile nene
ya kutia mabomba alama,
nikageuza risiti za baba, za gundi ya vigae,
nikachora. Mkono ulitetemeka kwa baridi,
nikauacha utetemeke.
Kisigino kimelika upande wa nje:
mtu huyu huegemea mlango akisubiri jibu.
Kamba moja nyeusi, ya pili kahawia.
Na kila lilipotajwa jina la Mariette
ncha ya kushoto iligonga sakafu mara mbili,
kama mtu anayebisha nyumba
anayojua haina watu.

Risiti ya sita, akanyamaza.
Nilingoja. Spana nayo ilingoja.
Zamani ningeweka tone la jasho,
ama wingu jeusi kichwani, ama nukta tatu.
Kichwa chenyewe kilikuwa wapi?
Nikapiga mistari minne iliyopinda,
ndani nisitie kitu.
Risiti ya saba: buti zimepandana,
moja juu ya nyingine,
kama watoto wawili chini ya blanketi dogo.

Moto ukawaka, boila ikaguna.
Akatoka, akaona risiti mezani,
akazisoma moja moja, midomo ikicheza.
Alipofika kwenye ile tupu akaweka kidole.
"Hapa," alisema.
Sikupata neno jingine kwake.
Kidole kikaacha masizi katikati ya weupe.
Kisha akaandika bili, euro tisini na tano.
Hakupunguza hata senti.

Masizi yale sijayafuta.
Baba alipouliza risiti zake ziko wapi
nilimwambia zimeajiriwa.
Hata Julai, madirisha wazi,
mstari wangu unatetemeka;
nimejaribu kuunyoosha, unakataa
kama mtoto asiyetaka kuchanwa nywele.
Siku hizi naanzia chini:
viatu, miguu ya meza, mkia wa paka.
Nikifika magotini najiuliza
kama hadithi inataka kupanda zaidi.
Mara nyingi haitaki.

Pua bado zinanishinda.
Nimeziacha huko juu, nje ya fremu,
anayesoma azichore mwenyewe.