Jinzi ya Ruwi

Riali sita, kasema muuzaji,
akaipigapiga kofi kama shingo ya farasi.
Sikuzijibu sifa. Nikaigeuza nje ndani,
nikahesabu mishono ya paja: miwili, uzi mnene.
Kiuno nikakizungusha shingoni; ncha zikagusana.
Nikaivaa, nikachuchumaa pale pale dukani.
Haikulalama uzi, wala haikunikata pumzi.

Rahisi ghali, wengine huambiwa na wazee.
Mimi niliambiwa na upepo, Nizwa, kwenye harusi ya Thuraiya,
ile ya riali mbili ilipoachia nyuma
nikakaa kitako hadi mgeni wa mwisho alipoaga.

“Na baibui juu,” Ghaniya akacheka, “nani ataiona?”

Goti langu.

Nikatoa tano na nusu.
Akatikisa kichwa. Nikaushika mlango.
Akaita.