Raba za Lutengano

Julai Njombe ukungu hauondoki hadi saa nne,
na saa nne ndipo wanapofika kibandani kwangu:
Kiswaga wa mashine ya kusaga, nyusi nyeupe kwa unga,
Upendo Mbilinyi na ndoo yake ya maparachichi,
na yule karani tunayemwita Takwimu
kwa sababu ya daftari.

Hawakuleta viatu. Wameleta timu ya chuo.

"Mgaya kahitimu," anaanza Takwimu.
"Pointi kumi na nne kila mchezo
zimepanda basi kwenda kwao Makete.
Nani atazirudisha?"
"Mgaya alikuwa mrefu tu," Upendo anasema.
"Hata nguzo ya umeme ni ndefu,
umewahi kuiona ikidaka mpira?"
"Alidaka!"
"Alidaka uliomwangukia."

Mimi navuta uzi, naupaka nta.
Wao wanawagawana wachezaji kama nyama ya kilabuni:
Sanga ana mkono, pumzi hana.
Chaula pumzi anayo, ila akiupata mpira
hauachii mpaka apokonywe.
Na yule mtoto wa mwaka wa kwanza, wa Ludewa,
aliyefanya mazoezi pekupeku mwezi wa tano wote
juu ya saruji yenye umande,
huyo mpeni miaka miwili na uji.

Kisha wanarudi kwenye kidonda. Hawakosi.
Fainali ya kanda, Iringa, sekunde nne zimebaki.
Lutengano ana njia nyeupe hadi kikapuni,
anampasia Mgaya, Mgaya anachezewa rafu,
mitupo miwili.
Wa kwanza ukagonga chuma.
Wa pili haukugonga kitu.
Tukafungwa kwa moja.
"Tazama moyo wa Lutengano," Kiswaga anasema,
"angefunga mwenyewe, akamkumbuka mwenzake.
Na mwenzake akatuzika."

Lutengano. Hapo wote wanapoa
kama chungu kilichoepuliwa.
Lutengano akiruka, ukungu unampisha.
Lutengano bado ana mwaka mzima.
Takwimu anaandika: ishirini na mbili kwa mchezo,
anapiga mstari chini yake, anaurudia.

Raba za Lutengano zipo chini ya kigoda changu
ndani ya mfuko wa mbolea.

Mimi kikapu sikijui. Nasoma soli.
Chaula anakula ncha, kwenye kidole gumba,
haraka isiyojua inakokwenda.
Za Mgaya ziliisha sawasawa pande zote,
kama mtu anayelipa madeni yake.
Ya Lutengano ya kushoto imebaki karatasi ya maandazi.
Ya kulia ni mpya,
mpya kama siku aliyoitoa sokoni,
isipokuwa ukingo wa nje, kamstari,
pale anapokanyaga mtu
anayeogopa kukanyaga.

Alizileta usiku, tochi ya simu ikitetemeka.
"Fundi, niongezee sponji hapa ndani.
Na usiwaambie."
Sikumuuliza goti limeanza lini.
Soli ilikwisha kunijibu: kabla ya Iringa.
Kabla ya ile pasi tunayoiita moyo.

Mgaya alijua, nadhani.
Alipita hapa na begi lake, siku ya kuondoka,
watu wa kijiweni wakageukia pembeni.
Alinilipa mia tano ya zamani niliyoisahau,
akaenda kusubiri basi.

"Na wewe fundi, siku zote kimya," anasema Kiswaga.
"Msimu ujao unauonaje?"

Sindano imenichoma, nanyonya kidole.
Ningeweza kuutoa ule mfuko,
nikauweka katikati yao,
soli juu.

"Mnunulieni yule mtoto wa Ludewa raba," nasema.

Wanacheka. Takwimu anacheka mpaka kalamu inamponyoka.
Kiswaga ananipigapiga begani, unga unabaki kwenye koti.
Upendo hacheki.
Anaitazama sindano yangu,
anautazama mguu wangu uliousukuma mfuko nyuma,
anahesabu noti za maparachichi, polepole.

"Anavaa namba ngapi?"

Unyayo wake nimeuona kwenye tope la bombani,
vidole vitano vimezama sawa, kisigino chepesi.

"Arobaini na tatu," nasema.
"Lakini chukua nne. Bado anakua."