Ufa wa Tao la Tatu

Nimeshuka kwa ngazi, na tochi, daftari, nyundo ndogo,
kuligonga daraja la Hexley kama daktari agongavyo kifua.
Jiwe zima hulia ngo. Jiwe bovu hunyamaza.
Chini yangu mto Winnel umejaa majani ya Oktoba,
hauna haraka na mtu.

Kabla ya matao palikuwa na Silas Crouch na mashua yake bapa,
akivusha watu kwa kamba, na ng'ombe wawili wawili,
na jeneza, mara moja, lililorudi upande uleule
kwa kuwa kasisi wa ng'ambo alikuwa amelewa.
Waashi walipofika na mikokoteni
Silas alisimama matopeni akalaani kila tofali.
Hapakuwa na tofali, mawe tu, lakini hasira haichagui.
Miaka mitatu baadaye, lango la ushuru lilipowekwa,
ufunguo alipewa nani? Silas.
Akautia mfukoni bila kuifuta ile laana.

Nusu peni mtu, peni moja farasi,
bata bukini peni tano kwa kila ishirini.
Basi bata wakaogelea bure chini ya tao,
wachungaji wakapita juu, nusu peni mkononi,
wakimwamkia Silas kwa adabu iliyopita kiasi.

Mjukuu wake, Keziah, ndiye aliyekuwa langoni
usiku ule ushuru ulipofutwa.
Waling'oa lango, wakalitosa,
kisha mji mzima ukavuka, ukarudi, ukavuka tena
hadi alfajiri. Ng'ambo hapakuwa na kitu:
shamba la kabichi, banda lisilo na paa.
Walikwenda kulitazama, bure.
Keziah alikaa kizingitini
akihesabu vichwa, kwa mazoea tu.

Hapa, kwenye nguzo ya pili, matundu sita.
Mwaka wa vita askari waliyatoboa kwa ajili ya baruti:
adui akija, daraja liende.
Adui hakuja.
Tundu la nne lina kiota kitupu
cha yule ndege wa mkia usiotulia.
Nimeandika: *lisizibwe.* Sababu sikuandika.

Malori siku hizi yana daraja lao la zege, juu kidogo,
ambalo hakuna aliyelipa jina.
Huku zimebaki baiskeli, mbwa na mabwana zao,
na Bi Enid Lovibond, miaka themanini na minane,
avukaye kila asubuhi kununua mkate
ambao duka la upande wake pia linauza.
Nilimwuliza kwa nini.
"Wa upande wangu," alisema, "hauna safari."

Sasa ufa.
Mkaguzi aliyenitangulia, mmoja Tolliver,
alibandika juu yake kipande cha kioo mwaka 1931:
ufa ukitanuka, kioo kitapasuka.
Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tolliver hakuziba.
Alitaka kujua, basi.
Napangusa utando wa buibui, namulika.
Kioo kizima. Ndani yake mtu mwenye kofia ya plastiki,
na nyuma yake maji.
Naandika: *hakuna mabadiliko.*

Kisha lori lililopotea njia linapita juu,
na chokaa laini, kama unga, inanidondokea ukosini.

Nangoja.
Namulika tena.