Shikeni Mbwa

Kwetu Dundgovi hatubishi hodi.
Mgeni husimama mbali na hema
akaita: *Shikeni mbwa!*
hata kama mbwa alikufa kipupwe kilichopita.
Ndivyo tunavyojua kwamba ajaye ni mtu.

Kirusi hiki hakiiti.

Namtazama Baba kwa hadubini.
Niseme kweli: si Baba,
ni seli za ini la mtu nisiyemjua,
nazilea katika sahani za plastiki, ghorofa ya tatu, Ulaanbaatar,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeganda kwenye vioo.
Lakini nikishika pipeti ni yeye ninayemwona,
mzee Tserenpil, macho ya manjano kama siagi iliyokaa,
aliyechomwa sindano moja na darasa zima
mwaka alioanza kusoma.

Kwanza kinanasa kwenye nywele za sukari ukutani mwa seli,
kishike kisishike,
kama mbegu ya miiba kwenye sufu ya kondoo.
Kisha kinapapasa, kinapapasa, mpaka mlangoni.
Na mlango ule haukuchongwa kwa ajili yake!
Umeelekea damu, kupokea chumvi za nyongo
zinaporudi kutoka matumboni,
kila moja na sodiamu mbili ubavuni,
zije zikafanye kazi tena.
Mlango wa watoto watokao malishoni.
Humo humo ndimo kinamopita.
Kando yake kuna kipokezi kingine,
kazi yake kusikiliza ishara za kukua;
nacho kinamshika mgeni mkono, kinamvuta ndani.
Hakikuhongwa. Ndivyo kilivyolelewa.

Kumbe hakina hata sindano yake.
Kinafika kwenye kiini na uzi uliokatika,
na mafundi wa seli, ambao hawaoni tundu wakaliacha,
wanaushona, wanaufunga duara.
Duara dogo, halina ncha
ya kushika ukaling'oa.
Na wasomi wa ini, wale wale
wanaolifanya ini liwe ini na si figo,
wanalisoma usiku na mchana kwa sauti ya nyumbani,
nakala juu ya nakala,
bila kuuliza nani aliandika.

Mbwa yuko wapi?
Yupo. Interferoni ndilo jina lake,
akibweka seli jirani zote hukaza milango.
Lakini mwizi huyu hapigi teke ndoo,
hakanyagi kizingiti.
Miaka arobaini mbwa wa Baba alilala
kichwa juu ya miguu.

Jana nilimpigia simu.
Nikamweleza: tuna kipande kidogo cha protini,
kimeigwa kutoka kwa kirusi chenyewe,
kinakaa mlangoni, kinaziba.
Nilisikia anamimina chai ya chumvi.
"Na hizo chumvi zako," akauliza, "zitapita wapi?"
Baba hajawahi kufunga hema lake.
Akihama huacha jibini kavu na birika
kwa yeyote atakayepotea njia.
Nikasema zitazidi kidogo kwenye damu,
mwili unavumilia.
"Na aliyekwisha kuingia?"

Nimesoma miaka tisa.
Swali hilo lilinikata maini.
Nikasema: huyo, Baba, bado.

Akacheka, kikohozi kikamkatiza.
"Basi," akasema, "kama hamumwezi kumtoa,
acheni kumshika mbwa."
Simu ikakatika; huko mtandao hutegemea upepo.

Saa mbili usiku. Nimeandika kwa kalamu nyekundu
juu ya sahani ya nne: *interferoni, kesho asubuhi.*
Sahani ya tano nimeiacha hivi hivi, ya kulinganishia.
Hiyo siwezi kuiangalia kwa muda mrefu.